Kama Mungu alishajua kaka yangu atarudi au hatarudi, maombi yangu yanafanya kazi gani?

binti_sayuni

Bwana asifiwe wapendwa. Nina swali na naomba mnijibu kwa utulivu, sio mtu anitupie mstari mmoja halafu anapotea. Kaka yangu mkubwa aliacha wokovu, na sio kuacha kwa kupoa tu, hapana, anasema wazi hataki kusikia habari za Yesu. Nimekuwa namwombea muda mrefu sana. Juzi kwenye kikundi chetu cha kujifunza Biblia nikawaomba wenzangu tumwombee, ndugu mmoja akaniambia, kwa upendo kabisa wala hakuwa na ubaya, dada usijichoshe kiasi hicho, Mungu anajua yote, alishajua kabla hajaumba dunia kama kaka yako atarudi au hatarudi, na Mungu hakosei, kwa hiyo jibu lipo tayari, wewe omba tu upate amani moyoni.

Toka siku hiyo nikipiga magoti maneno hayatoki. Maana nikifikiria naona kama ana pointi. Kama Mungu anajua hatarudi basi hatarudi hata nikikesha, na kama anajua atarudi basi atarudi hata nikilala. Sasa mi naomba nini? Na kaka mwenyewe anachagua nini kama kila kitu kimeshajulikana?

Nikaingia kwenye Biblia kutafuta ndo nikachanganyikiwa zaidi. Zaburi 139 inasema hamna neno ulimini mwangu asilolijua kabisa, sawa. Lakini Mwanzo 22:12, Ibrahimu akiwa karibu kumtoa mwanawe Isaka sadaka, anamwambia "sasa ninajua ya kuwa unamcha Mungu". Sasa?? Walipokuwa wanapanda na kuni hakuwa anajua? Halafu Marko 13:32 Yesu anasema siku ile hata Mwana haijui. Sitafuti ubishi jamani, nataka niweze kuomba tena.

mlinzi_wa_lango

Isaya 55:8-9 dada. Mawazo yake si mawazo yetu, mengine tutayaelewa tukifika. Ombeni bila kukoma.

Beroya

Mlinzi, mstari huo ni wa kweli lakini dada ameomba mtu akae naye kwenye swali, basi tukae naye.

Dada pole sana. Huyo ndugu alianza vizuri. Mungu anajua yote kweli, yaliyopita, yaliyopo, yajayo, na yale ya moyoni ambayo hata mwenyewe hujayakiri, soma Waebrania 4:13 na 1 Yohana 3:20. Tatizo ni pale aliporuka kutoka "anajua" mpaka "kwa hiyo maombi hayana kazi". Nani alisema Mungu anajua mwisho wa safari bila kujua njia iliyofikisha hapo? Kama kaka yako atarudi na maombi yako yakawa sehemu ya kurudi kwake, basi Mungu tangu milele amejua yote mawili kwa pamoja, kwamba utaomba na kwamba atarudi, huwezi kuchomoa moja ukabakiza lingine. Hiyo ya "atarudi hata nikilala" haisimami, maana pengine anachokijua Mungu ni kwamba hukulala.

Naomba ufungue Luka 22:31-34 uisome polepole. Ni usiku ule wa mwisho mezani. Yesu anamwambia Petro, Shetani amewataka ninyi apate kuwapepeta kama vile ngano, "lakini nimekuombea wewe ili imani yako isitindike, nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako." Petro anajibu mi niko tayari kwenda nawe gerezani na hata kufa, anaambiwa jogoo hatawika leo kabla hujakana mara tatu kwamba hunijui. Sasa angalia kilichopo hapo. Yesu anajua Petro ataanguka, anajua mara ngapi, anajua itakuwa kabla ya jogoo, na anajua atarudi mpaka anampa kazi ya kufanya akisharudi. Yote hayo anayajua, NA BADO AMEMWOMBEA. Kama kujua kungefanya maombi yasiwe na maana basi mtu wa kwanza ambaye asingehangaika kumwombea Petro ni Yesu mwenyewe. Mi nikifika hapo huwa nasimama, sina haja ya kwenda kwa mwanafalsafa yeyote kwanza.

Na Petro alikuwa huru, hilo nalo usiliache. Pale uani kwenye moto yule kijakazi alipomkazia macho hakuna nguvu iliyomshika ulimi, aliogopa tu kama mtu yeyote anavyoogopa. Jogoo alipowika hakusema "Bwana si ulishatabiri, ningefanyaje". Alitoka nje akalia kwa majonzi, maana alijua kabisa aliyekana ni yeye.

Hili swali lako ni la zamani sana dada, hauko peke yako. Origen, mwalimu wa Kanisa la kwanza, kwenye karne ya 3 akimjibu Celsus, mtu aliyekuwa ameandika kuupinga Ukristo, alisema kitu ambacho mpaka leo kinasaidia, yani tukio halitokei kwa sababu limejulikana kabla, limejulikana kabla kwa sababu litatokea. Kujua sio kusababisha.

mto_wa_uzima

Shalom wote. Naomba niwe upande mwingine kidogo na ndugu Beroya, maana naona mistari ya dada imerukwa. Mwanzo 22:12 inasema sasa ninajua. Mwanzo 6:6 Bwana alighairi kuwa amemfanya mwanadamu. 1 Samweli 15:11 anajuta kumtawaza Sauli. Yeremia 19:5 Israeli wanawachoma watoto wao kwa moto na Mungu anasema neno hilo halikuingia moyoni mwake. Hezekia anaambiwa utafariki wala hutapona, analia, kabla Isaya hajatoka ua wa katikati anarudishwa kumwambia ameongezewa miaka 15, ni 2 Wafalme 20. Hiyo inaonekana kama mazungumzo ya kweli kabisa, sio mtu anasoma kitu alichoandika mwenyewe.

Mi naamini Mungu anajua yote yaliyopo ya kujua. Ila uamuzi huru wa kaka yake dada wa kesho bado haupo, na kitu ambacho hakipo sio kwamba Mungu amepungukiwa kwa kutokukijua. Anajua njia zote zinazowezekana na hakuna hata moja itakayomkuta hajajiandaa. Hili sijalitunga, Clark Pinnock na wenzake wanne waliandika kitabu mwaka 1994 kulitetea na limezua mjadala mkubwa. Kwa hiyo dada omba kwa nguvu zote maana mlango bado uko wazi KWELI.

Beroya

Mto asante kwa kuileta kwa upole, na mistari hiyo ni ya kweli lazima ijibiwe sio kufunikwa.

Tuanze na hiyo "sasa ninajua". Ukiichukua kama ilivyo itakupeleka mahali ambapo hata wewe hutaki kwenda. Kumcha Mungu kwa Ibrahimu hakukuwa jambo la kesho, kulikuwa moyoni mwake tayari asubuhi ile anapasua kuni. Kwa hiyo kama Mungu hakujua mpaka kisu kilipoinuliwa, basi hakujua jambo la SASA lililo ndani ya moyo wa mtu, na hapo 1 Nyakati 28:9 inayosema Bwana hutafuta mioyo yote inaanguka, na Zaburi 139 inaanguka nayo. Wewe mwenyewe unakubali anajua mioyo. Basi na wewe lazima uusome huo mstari kama sisi tunavyousoma, kwamba Mungu anaongea na Ibrahimu akiwa ndani ya tukio pamoja naye, vilevile alivyomuuliza Adamu uko wapi, na alivyosema kuhusu Sodoma nitashuka sasa nione.

Ya Hezekia, na ya Ninawi, mji ambao Yona alitumwa kuuonya, imefafanuliwa na Mungu mwenyewe kwenye Yeremia 18:7-10, nikisema nitaling'oa taifa na taifa hilo likigeuka nitaghairi. Onyo lina "kama" ndani yake hata lisipotamkwa. Yona alijua hilo vizuri mno, ndo maana alikasirika, sura ya 4 mstari wa 2, alikimbia tokea mwanzo kwa sababu alijua ataghairi.

Sasa nataka uone kitu ambacho wengi tunakipita, 1 Samweli 23. Daudi ametoka kuwaokoa watu wa mji wa Keila kwa Wafilisti waliokuwa wanapora nafaka yao. Anasikia Sauli anajiandaa kuja kumzingira humo humo mjini. Anamwita kuhani Abiathari alete efodi, vazi la kikuhani lililotumika kumuuliza Mungu, anamuuliza Bwana, Je Sauli atashuka? Bwana anasema atashuka. Anauliza tena, hawa watu wa Keila watanitia mkononi mwake mimi na watu wangu? (watu aliotoka kuwaokoa!) Bwana anasema watakutia. Daudi na watu wake kama 600 wakaondoka. Sauli akasikia Daudi ametoka, akaacha kwenda. Yani Mungu alisema mambo mawili na hakuna hata moja lililotokea, na hakudanganya wala hakukosea. Alikuwa anajua kitakachotokea Daudi AKIBAKI. Mungu hajui tu yatakayokuwa, anajua na yale ambayo yangekuwa. Mathayo 11:21 ni hivyo hivyo, miujiza ile ingefanyika Tiro na Sidoni wangalitubu zamani.

Na ona Daudi alifanya nini na huo ujuzi. Hakukaa chini akasema Mungu ameshajua. Alinyanyuka akaondoka. Ujuzi wa Mungu kwake ulikuwa sababu ya kutembea. Dada binti_sayuni, hapo ndo nataka uone, kwenye Biblia ujuzi wa Mungu haumwambii mtu kaa, unamwambia inuka.

Mto, la mwisho, kama uamuzi huru haujulikani kabla, ile mara tatu ya Petro inatoka wapi? Na kwenye Isaya 41 na 46 Mungu mwenyewe anaweka kipimo dhidi ya sanamu, haya tuambieni yatakayokuja baadaye, halafu anasema yeye ndiye autangazaye mwisho tangu mwanzo. Anajitofautisha na miungu mingine kwa jambo hilo hilo.

udongo_wa_mfinyanzi

Beroya kwa Keila umenibariki, ila unasimama katikati ya daraja. Unasema Mungu anajua mwanadamu atachagua nini akiwekwa mahali fulani. Sawa, na aliyemweka mahali hapo ni nani? Matendo 2:23 Yesu alitolewa kwa shauri la Mungu lililokusudiwa NA kwa kujua kwake tangu zamani, vyote viwili. Matendo 4:27-28 Herode, Pilato na wengine wote walifanya yale ambayo mkono wake na shauri lake lilikusudia tangu zamani. Sisi wa mapokeo ya Reformed, yani yanayofuata mafundisho ya Calvin, tunasema Mungu anajua yajayo kwa sababu ameyakusudia, sio kwamba alichungulia mbele akaona halafu akapanga. Ungamo la Westminster, tamko letu la imani la mwaka 1646, sura ya 3 linasema hivyo wazi, na sura hiyo hiyo inasema uhuru wa viumbe hauondolewi wala Mungu siye mwanzilishi wa dhambi.

Na dada usifikiri sisi tunaomba kidogo. Mungu amekusudia mwisho pamoja na njia zake. Moyo wako kuumia kwa ajili ya kaka, hukujipa mwenyewe.

katekista_mstaafu

Amani kwenu nyote. Nimefundisha katekesi miaka mingi na swali la Marko 13:32 huwa haliachi kuulizwa, naona wengine wote mmeliruka basi nilichukue mimi.

Kanisa kwenye Mtaguso wa Kalkedonia mwaka 451 lilikiri Kristo ni mmoja mwenye hali mbili, Mungu kweli na mtu kweli, bila kuchanganywa na bila kutenganishwa. Kwa hiyo ana akili ya kibinadamu ya kweli. Luka 2:52 anasema alizidi kuendelea katika hekima, na mtu hawezi kuzidi kwenye kitu alichokuwa nacho chote. Mababa, yani walimu wa Kanisa la kwanza, hawakuieleza Marko 13 kwa namna moja, wengine wanasema kwa ubinadamu wake hakuijua, wengine wanasema aliijua ila haikuwa sehemu ya yale aliyotumwa kuyafunua. Kwa vyovyote hakuna aliyesema Umungu wake ulipungukiwa. Mimi binafsi hainisumbui, inanifariji. Bwana aliye mbinguni anayejua yote ni huyo huyo aliyekubali kuishi kama sisi, huku anaomba.

Sasa kuhusu kujua "kabla". Mwanangu, shida kubwa imejificha kwenye hilo. Tunamfikiria Mungu kama yuko jana akiangalia kesho. Boethius, mtu mkubwa wa serikali aliyefungwa gerezani akisubiri kuuawa, karibu mwaka 524, aliandika kwamba umilele wa Mungu sio muda mrefu sana, ni kuwa na uzima wote kwa pamoja bila mwisho. Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, akaieleza kwa mfano ambao nimeutumia darasani maisha yangu yote, anayetembea barabarani hawaoni wanaokuja nyuma yake, ila aliyeko juu mlimani anawaona wote kwa mara moja, na kuwaona kwake hakumsukumi hata mmoja. Mungu haoni kesho yako kama kesho. Anakuona.

Na huyo huyo Tomaso alijibu swali la dada moja kwa moja. Alisema hatuombi ili tubadilishe mpango wa Mungu, tunaomba ili tupate yale ambayo Mungu amepanga yapatikane KWA MAOMBI. Yani kuna vitu ameviweka vipite hapo kwenye magoti.

Beroya na udongo, mnachobishania kilishawagawa Wajesuiti na Wadominiko baada ya kitabu cha Mjesuiti Luis de Molina cha mwaka 1588, aliyefundisha kama Beroya kwamba Mungu anajua hata yale ambayo yangekuwa, wakabishana mbele ya Mapapa mpaka 1607 Papa Paulo V akawarudisha nyumbani bila kutoa hukumu na akawakataza kuitana wazushi. Nasema hivi ili dada asije akadhani lazima mmalize ninyi kwanza ndo yeye aombe.

binti_sayuni

Asanteni sana, nimesoma zote zaidi ya mara moja. Ya Petro imenigusa mno na ya Keila sikuwahi kuiona kabisa.

Ila bado kuna kitu naomba nikiseme. Petro alikuwa na neno la Yesu mwenyewe kwamba ataongoka. Mimi sina hilo neno. Yohana 6:64 inasema Yesu alijua tangu mwanzo ni nani atakayemsaliti. Kwa hiyo alimjua Petro na alimjua Yuda. Mimi sijui kaka yangu ni yupi. Hicho ndo kinachonibana koo nikianza kuomba.

katekista_mstaafu

Mwanangu, umeuliza swali zito kuliko sisi wote. Hujui, ni kweli, na hakuna hapa anayejua, na mtu yeyote atakayekwambia anajua usimsikilize.

Lakini soma Yohana 13. Mstari wa 11 unasema alimjua yeye atakayemsaliti. Yuda hajaondoka bado, anaondoka mstari wa 30. Maana yake zile nyayo za Yuda zilishikwa na mikono ile, zikaoshwa, zikapanguswa kwa kitambaa, na Mwenye kuosha anajua zitaelekea wapi usiku ule ule. Halafu akampa na tonge. Bwana wetu, ambaye ALIJUA, hakupunguza upendo kwa Yuda kwa sababu ya kujua. Sasa wewe ambaye hujui utapunguza kwa sababu gani?

Na nikupe habari ya Monika, mama wa Augustino, yule aliyekuja kuwa askofu na mwalimu mkubwa wa Kanisa. Mwanawe aliingia kwenye dini ya Wamani, wafuasi wa Mani, mama akalia miaka. Kuna askofu alimwambia haiwezekani mwana wa machozi haya apotee. Augustino mwenyewe anasimulia kwenye Maungamo yake kwamba alipotaka kusafiri kwa meli kutoka Karthago kwenda Roma, mama alimng'ang'ania asiende. Akamdanganya kwamba anamsindikiza rafiki tu, akamshawishi alale kwenye kikanisa cha kumbukumbu ya Mtakatifu Sipriano karibu na pale meli ilipo. Usiku ule mama yuko ndani anaomba kwa machozi Mungu amzuie mwanae asisafiri, na meli ikaondoka na mwanae ndani yake. Asubuhi akachanganyikiwa kwa uchungu.

Ombi lake la usiku ule lilikataliwa. Ila kutoka Roma Augustino akaenda Milano, Milano akamkuta askofu Ambrosi, mwaka 386 akaongoka na Pasaka ya 387 Ambrosi akambatiza, mama yake akiwa hai. Augustino anasema Mungu hakumpa alichoomba wakati ule ili ampe kile alichokuwa anaomba siku zote. Monika alijua kipande kimoja tu, kwamba meli ile ni hatari. Mungu alijua na Ambrosi. Sikuahidi kwamba ya kaka yako itaisha hivyo, ila ukiona ombi lako la leo limegonga ukuta usidhani umeshapata jibu la yote.

udongo_wa_mfinyanzi

Amina mwalimu. Hapo hata sisi tunakubaliana.

binti_sayuni

Nyayo za Yuda. Nimeisoma hiyo sura tangu utoto na sikuwahi kuliona. Mwalimu Mungu akubariki, na wote.

Wiki hii kikundini naomba tusome 1 Samweli 23 kuanzia mstari wa 1 mpaka 14, yule ndugu aisome mwenyewe kwa sauti, sitamwambia kwa nini mpaka amalize. Mto_wa_uzima, najua hamjaafikiana na Beroya ila naomba na wewe umwombee kaka.

mto_wa_uzima

Namwombea kuanzia leo dada. Beroya, hiyo hoja yako ya moyo wa Ibrahimu nitairudia, ile ya Petro pia nina la kusema, ngoja nisome kwanza vizuri.